Kabla Hamjagawana Wazee

Mpendwa Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo, mama anakusalimia, Kulwa homa imemwachia na ameanza kula. Shemeji mpe pole ya mguu. Mengine nitakuandikia nikitulia, maana leo nina jambo moja na sitaki kikao chenu cha Jumapili kilitangulie.

Ule mpango wa Krismasi ulionitumia nimeusoma. Kila familia ya kamati imchukue mzee mmoja kutoka kituo cha wazee, ale nao siku ya sikukuu, na mpiga picha apite nyumba hadi nyumba. Nia yenu naijua, ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwenyekiti. Neema, mpango huo nimeutazama kwenye filamu, karibu wote, hadi chombo cha kuzunguka mjini na matangazo!

Filamu inaitwa Plácido, ya Hispania, mwaka 1961, haina rangi. Aliiongoza Luis García Berlanga, na kati ya walioiandika yumo Rafael Azcona. Iliteuliwa kushindania Oscar ya filamu za kigeni, tuzo ikaenda kwa filamu ya Ingmar Bergman, mwongozaji wa Sweden, na mpaka leo nje ya Hispania wanaoitaja ni wachache. Inachekesha mno. Watu wanaongea wote kwa mpigo kama kikao cha harusi usiku wa mwisho, kamera haiwakatizi, na katikati ya kelele hizo kuna mtu mmoja ana shida na hakuna anayemsikiliza.

Ni mkesha wa Krismasi, mji mdogo. Walipigia picha Manresa, kule Katalunya. Wakubwa wa mji wametangaza kwamba kila mwenye uwezo amketishe maskini mezani kwake usiku huo. Kampuni ya masufuria inadhamini. Wasanii wameletwa kwa treni kutoka Madrid, wananadiwa ili wenye fedha wale nao. Dereva mmoja, Plácido, kakodiwa na pikipiki yake ya mizigo ya magurudumu matatu, toyo kabisa, imefungwa nyota kubwa juu. Toyo hiyo ni ya mkopo, na rejesho la kwanza mwisho wake ni siku hiyohiyo. Mke wake analinda vyoo vya umma. Basi Plácido mbio benki, mbio kwa wakili mwenye hati, na kila akimshika Quintanilla wa kamati ampe msaada anaambiwa ngoja kwanza, maskini wanasubiri. Maskini! Na yeye ni nani?

Halafu kuna mzee Pascual. Kaletwa kula kwa watu, akazidiwa humo ndani. Wenye nyumba wanagundua kwamba anaishi na mwanamke bila ndoa, na hofu yote inahamia hapo: asije akafia kwao akiwa katika dhambi. Wanamfungisha ndoa pale kitandani, na mwenyewe hataki. Anakufa. Sasa tatizo ni maiti, na anayeitwa kuirudisha kwa wenyewe, usiku, ni Plácido na toyo lake. Hapo nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, wala sikujua ni ya kitu gani. Wale wenye nyumba si wabaya, Neema. Walitoa chakula, walitoa kitanda. Alichokitaka Pascual tu ndicho hakikumhusu mtu.

Jina la kwanza la filamu lilikuwa wito wenyewe wa kampeni, mketishe maskini mezani kwako. Wakaguzi wa serikali ya Franco, dikteta wa Hispania wakati huo, wakalikataa, ikabidi waipe jina la dereva. Mimi naona waliisaidia bila kutaka. Kampeni ikaondoka kwenye bango, akabaki mtu.

Sasa turudi kwenye karatasi yako. Ukurasa wa pili umeandika, "Usafiri: Dickson, atajitolea." Dickson huyu huyu wetu? Toyo lake si bado analilipia? Desemba yote ndiyo anapata mizigo ya maana, halafu siku mbili nzima abebe viti, vyombo na wazee bure, mafuta yake. Nilipofika mstari huo ndipo nikachukua kalamu.

Sisemi msifanye. Wazee wale wanahitaji kutembelewa, na moyo wako kwao naujua tangu enzi za Mama Sofia. Ila mlipeni Dickson, tena kabla ya siku yenyewe. Mpiga picha mwacheni. Na mzee asiyetaka kwenda kwa mtu apelekewe chakula pale pale alipo.

Hivi, kuna aliyewauliza wenyewe wanataka nini? Yule babu asiyesikia vizuri, ataketi mezani kwa nani? Nani atamsaidia msalani kwenye nyumba ya watu asiowajua? Dickson amekubali kwa mdomo wake, au kuna mtu kamsemea? Rejesho lake linaangukia tarehe ngapi? Na mnaweza kupata projekta ya vijana Jumamosi, kamati yote ikaitazama filamu hii kabla ya kupitisha chochote? Nitakuja nayo mwenyewe, na pale maneno yanapopita haraka nitawaeleza.

Mpango wako sijaugusa hata mstari mmoja. Nasubiri jibu lako kwanza, kisha tuuandike upya pamoja.

Wako akupendaye,
Upendo