Maandalizi ya ziara yetu ya maktaba Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Kama tulivyokubaliana, Jumamosi tutakutana saa nne asubuhi mlangoni pa Maktaba ya FamilySearch (shirika la kutafuta historia za koo, lenye rekodi pia mtandaoni), Salt Lake City, Marekani, ambako kuingia ni bure. Naomba kila mmoja afungue akaunti ya FamilySearch akiwa nyumbani, kwani nayo hailipiwi, na aandike majina, miaka na hasa wilaya walikoishi wazee anaowatafuta, kwa sababu katalogi hutafutwa kwa urahisi zaidi kwa mahali kuliko kwa jina la ukoo. Rekodi zenye alama ya kamera iliyowekewa ufunguo juu yake hazifunguki nyumbani; ziorodhesheni tuzitazame hapo.

Muda mwingi utakwenda kwenye sensa za Marekani. Wanaotafuta wazee waliokuwa watumwa waanze na ya 1870, kwa kuwa zile za 1850 na 1860 ziliandika majina ya watu huru tu. Ya 1890 msihangaike nayo, maana karibu yote iliharibika kutokana na moto wa 1921. Katika ya 1940, tazameni alama ya x iliyozungushiwa duara kando ya jina: huyo ndiye aliyemjibu karani. Babu wa mke wangu alipunguziwa miaka minne humo, na aliyejibu, kumbe, alikuwa binti yake mdogo.

Jina lisipotokea, msikate tamaa upesi. Rekodi nyingi zimepigwa picha tu bila majina kuorodheshwa, hivyo itabidi tupekue ukurasa kwa ukurasa. Leteni flashi.