Barua kwa mwanangu: huyo O'Sullivan ni wa mlango upi?

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma, nikaufunga, nikaufungua tena usiku. Kijana amekuomba, umekubali, na Krismasi mnakwenda kwao. Umetaja jina lake, umetaja kazi yake, umesema hanywi pombe, na kule chini ukarudia kwamba hanywi pombe. Ukoo wake umeumaliza kwa neno moja, O'Sullivan, halafu ukaniambia nisiwe na wasiwasi, ni watu wa Cork.

Wasiwasi ninao. Cork ndiyo kaunti kubwa kuliko zote Ayalandi, na O'Sullivan wamejaa humo tangu enzi za mapanga. Kuniambia O'Sullivan wa Cork ni kama kumwambia mtu wa Moshi mjini kwamba umekutana na Mushi wa Kibosho. Atakuuliza: wa Umbwe, wa Kirima au wa Singa? Ukishataja kijiji atakuuliza tena: kwa nani? Wewe umekulia maswali hayo, sijui umeyaacha uwanja gani wa ndege.

Basi nimesoma. Nimestaafu kufundisha historia, sikustaafu historia yenyewe, na Baraka amekuwa akiniwekea bando bila kunung'unika, jambo ambalo si kawaida yake.

Kwa lugha yao ya asili, Kigaeli, jina ni Ó Súilleabháin. Ile Ó ya mbele ni mjukuu, mzao wa fulani, na súil ni jicho. Kama huyo mzee wa mwanzo alikuwa na macho meusi au alikuwa na jicho moja, wataalamu wanabishana mpaka leo na mimi nimewaachia. Mimi natafuta walikotoka. Kumbe hawakuanzia Cork. Walikuwa watu wa Knockgraffon, Tipperary, ardhi nzuri kando ya mto Suir, na walihesabiwa ndugu wa wafalme wa Cashel. Wanormani walipoingia Ayalandi kuanzia 1169 waliwabana, na mwaka 1192 wakasimamisha ngome palepale Knockgraffon. Ukoo ukasogea kusini magharibi, kwenye miamba na ghuba za bahari. Wakubwa wao, O'Sullivan Mór, wakakaa Dunkerron karibu na Kenmare, huko Kerry. Wengine wakashika rasi ya Beara, upande wa Cork, hao ndio O'Sullivan Beare, na ngome yao ilikuwa Dunboy. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kijana wako ni hilo: wazee wake ni wa upande wa Kenmare au wa Beara?

Akisema Beara usimwachie hapo. Hao wa Beara waligawanyika wenyewe kwa wenyewe. Kiongozi mmoja alifariki akaacha mtoto mdogo, Donal Cam, na kwa desturi yao uongozi ukaenda kwa baba mdogo wa mtoto, Owen, kwa sababu ukoo hauongozwi na mtoto. Donal alipokua akaenda kudai mbele ya Waingereza, ambao sheria yao inasema mtoto hurithi baba yake, akapewa Dunboy. Huyo baba mdogo alikufa na kinyongo chake, na kinyongo kikarithiwa na mtoto. Mwaka 1602 George Carew, kamanda wa Waingereza, alipoileta mizinga kuibomoa Dunboy, mtoto wa Owen alikuwa upande wa Carew. Ndani ya ngome walikuwa watu wa Donal, 143, na karibu wote waliuawa. Babu mmoja, jina moja. Ukiniambia tu kwamba ni O'Sullivan, hujaniambia ni nani.

Na tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, Donal Cam aliondoka Glengarriff na watu kama 1,000, askari na watumishi na wanawake na watoto, wakielekea kaskazini kwa O'Rourke wa Leitrim kutafuta hifadhi. Baridi ile unaijua wewe sasa. Walishambuliwa njiani karibu kila walikopita, na waliowashambulia wengi walikuwa Waayalandi wenzao. Wengine walikufa, wengine walishindwa wakabaki vijijini. Baada ya wiki mbili waliofika walikuwa 35. Kati ya hao 35, mwanamke alikuwa mmoja.

Nilipofika hapo niliweka simu mezani nikatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Sisemi kwamba kijana wako atakuongoza kwenye theluji. Nasema mwanamke anayeingia kwenye ukoo wa watu huingia na kwenye safari zao, na ni vizuri ajue mapema ni nani anamshika mkono na ni nani anabaki nyuma.

Unajua kwa nini nauliza. Siku watu walipokuja kwetu kwa ajili yangu hakuna aliyeuliza zaidi ya jina, na mimi mwenyewe niliona wanaouliza wananichelewesha. Yaliyofuata uliyaona, ulikuwa na akili za kutosha. Nilipohitaji mzee wa upande ule wa kumwita, sikuwa na hata wa kumtumia salamu. Sitaki zaidi ya hayo, Neema: likitokea jambo, nijue nabisha hodi kwa nani.

Usiseme wazungu hawana mambo ya ukoo. Hao wanayo. Nimesoma kwamba kule Beara akina Sullivan ni wengi mno, hata jina halitenganishi tena mtu na mtu, ndipo kila mlango ukawa na lakabu yake, wengine kwa rangi ya nywele za babu, wengine kwa kazi yake, wengine kwa jina lake tu. Hiyo lakabu ndiyo ninayoitaka. Jina la kwenye pasipoti anaweza kubaki nalo. Muulize mbele ya mama yake, maana vijana wa mjini huko nao pengine wamesahau kama nyie. Kitu kimoja kilimshtua bibi yako: kwao Sullivan kumwoa Sullivan si tatizo, alimradi si ndugu wa karibu. Bibi alikaa kimya, kisha akasema basi ndiyo maana wamekuwa wengi.

Na kweli ni wengi. Robert Matheson wa ofisi yao ya usajili alihesabu majina ya watoto waliozaliwa mwaka 1890: Murphy wa kwanza, Kelly wa pili, Sullivan wa tatu. Alikadiria Sullivan wote nchini ni 43,600. Hadi katikati ya karne iliyopita, wanne katika kila watano walikuwa bado wako Cork na Kerry, kana kwamba hakuna aliyewaambia njia ya kutoka. Waliotoka walivuka bahari moja kwa moja. Njaa kubwa ya kuanzia 1845 mpaka 1852, viazi vilipooza, iliua watu kama milioni na kuwafukuza wengine kama milioni, na Cork magharibi ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Baadaye migodi ya shaba ya Allihies, hapohapo Beara, ilipofifia, wachimbaji walikwenda Butte, mji wa shaba huko Montana, Marekani. Kufikia 1900 karibu robo ya watu wa Butte walikuwa na asili ya Ayalandi, na wa Beara walikuwa wamejazana humo. Wengine walishukia Boston, na mpaka leo Massachusetts ni nchi ya akina Sullivan.

Utaona wa Marekani wengi wanaandika Sullivan bila ile O. Waliondoka nyumbani wakati O imeshaangushwa. Chini ya utawala wa Kiingereza majina ya Kigaeli yalipunguzwa na kugeuzwa ili yaandikike. Waliobaki Ayalandi walianza kuirudisha mwishoni mwa karne ya 19, hasa baada ya chama cha kufufua lugha yao kuanzishwa mwaka 1893. Kwa hiyo ukikuta kwenye karatasi za zamani babu wa mchumba wako ameandikwa Sullivan tupu, usidhani ni mtu mwingine. Hilo nakueleza kwa sababu nataka uzitafute hizo karatasi.

Zipo, wala si za kulipia. Sensa yao ya 1901 na ya 1911 idara yao ya Nyaraka za Taifa imeiweka mtandaoni yote, nyumba kwa nyumba: nani anaishi humo, umri, dini, kazi, anajua kusoma, anazungumza lugha gani. Za karne ya 19 karibu zote zimepotea. Nyingine zilichanwa na serikali, nyingine ziliungua Dublin mwaka 1922 jengo la kumbukumbu lilipolipuliwa kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini vizazi na vifo vimesajiliwa tangu 1864. Wewe chukua jina la babu yake mzaa baba na jina la kitongoji. Bila kitongoji utapotea, maana Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000 na Sullivan wenye majina ya Daniel, Michael na John ni kama majani. Na usifanye kwa siri kama mpelelezi. Fanya naye, kaeni jioni mtazame pamoja. Kijana mwenye nia atafurahi. Akikasirika, hilo nalo nitapenda kulijua.

Katika kusoma nilikutana na ndugu watano wa Waterloo, Iowa: George, Francis, Joseph, Madison na Albert Sullivan, ukoo wao ulitoka Beara. Waliomba watumikie kwenye manowari moja, Juneau, wakakubaliwa. Ikazamishwa tarehe 13 Novemba 1942, Vita vya Pili vya Dunia, kule kisiwa cha Guadalcanal, bahari ya Pasifiki, na wote watano wakafa. Mama yao aliitwa Alleta. Wamarekani waliipa manowari nyingine jina la hao ndugu, naye ndiye aliyeizindua. Sikuweza kuendelea kusoma jioni ile. Wewe nawe uko mbali na maji yako katikati, na mdogo wako ameanza maneno ya kukufuata huko. Usimtie moyo kabla hajamaliza chuo. Nimeshaongea, sirudii.

Kuhusu jina lako, ukiolewa usikimbilie kubadilisha. Kwao wenyewe, kwa Kigaeli, binti wa ukoo ni Ní Shúilleabháin na mke aliyeolewa humo ni Uí Shúilleabháin. Hata wao wanatofautisha aliyezaliwa na aliyeingia. Wewe ni Mushi, vyeti vyako vya uuguzi ni vya Mushi, na ada ya vyeti hivyo imelipwa na kahawa ya kihamba hiki. Najivunia kila unapoandika kwamba wodini wanakuita wewe mgonjwa akizidiwa. Lakini ungeniambia habari za kijana tangu Pasaka, si sasa, wakati shangazi yako alishaona picha zenu akaja kuniuliza na mimi nikajifanya najua.

Wazee watakutana Novemba. Baba mkubwa ameshaniuliza mshenga atatoka wapi, nikamjibu hilo linazungumzika, na kuhusu mbege hajali nani anakunywa na nani hanywi, itapikwa. Ila swali la kwanza watakaloniuliza pale ni hilihili ninalokuuliza wewe, na siwezi kusimama mbele yao nikasema "watu wa Cork". Niletee: Kerry au Beara, kitongoji, mlango upi, na jina la mzee wao aliye hai.

Mengine ni ya nyumbani. Mfereji umeziba tena kule juu kwa jirani, migomba ya upande wa mashariki imeanza kunyauka, na zamu yetu ya maji imerudishwa Jumatano. Bati za jikoni nimenunua nusu, fundi anasema zilizobaki zitapanda bei kabla ya mvua, kwa hiyo kama ulikuwa unatuma kitu mwezi huu kitume mapema. Kahawa si mbaya. Ndama ni jike. Bibi yako anakula vizuri ila anakataa kuvaa lile sweta la kijivu ulilotuma, anasema linawasha, analiweka kabatini na kulionyesha kwa wageni.

Huko Krismasi nenda na kitu cha mkononi kwa mama yake. Kahawa ya hapa, nitaikaanga mwenyewe, Baraka ataipeleka mjini kwa yule dada anayesafiri mwanzoni mwa Desemba. Na kabla hujakwenda nitumie namba ya simu ya huyo mama. Kiingereza changu kinatosha, nitampigia mimi mwenyewe.

Mama yako
Kibosho