Kaka, swali la binti yako ndiyo kazi yenyewe

Kaka,

Hupokei simu tangu tumzike Mama, basi nakuandikia hapa. Najua utasoma.

Siku ile, mbele ya wajomba wote, mwanao aliuliza inakuwaje urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima, aanze maisha akiwa na kushoto na kulia kama sisi, kisha aishie na pande tano. Ukamfungia daftari akiwa bado anachora, kalamu ikabaki ndani. Ukasema hiyo si kazi, ilhali ndiyo kazi yangu: kuchunguza jinsi mwili wa urchini unavyojengeka. Hilo bado sijakusamehe.

Mwili wa pande tano huchipua ndani ya buu, yaani urchini mchanga, ubavu wa kushoto, ukikua kwa chakula anachokula buu. Ukikomaa, mwili wa buu hunywea ndani ya saa moja hivi. Jeni zinazopanga kichwa na kiwiliwili ni za ukoo uleule wa zetu. Mwaka 2023 watafiti walizifuatilia kwa kiti cha pweza, yule ndugu wa urchini mwenye umbo la nyota: za kichwa zilitanda karibu ngozi yote, za kiwiliwili karibu hazikuonekana humo.

Na ni kazi ya mikono, kaka. Ili urchini atoe mayai au mbegu, unamchoma sindano kwenye ngozi laini inayozunguka mdomo, unaingiza hadi mililita moja ya kloridi ya potasiamu yenye ukolezi wa mola 0.5, unamtikisa taratibu. Jike unampindua juu ya bika ya maji ya bahari yaliyochujwa, mayai yanashuka. Mbegu za dume zikusanye kavu, ziweke kwenye barafu, uzizimue dakika ya kuzitumia tu, maana zikishaingia majini huchoka upesi. Wanaoanza humimina nyingi mno. Yai likiingiwa na zaidi ya moja hugawanyika ovyo. Utando unaoonyesha yai limerutubishwa usipoinuka kwenye mayai 9 kati ya 10, anza upya.

Mikataba ya kazi hii ni mifupi, sikufichi. Asome kemia na hesabu, ajifunze kuandika programu.

Mlinilaumu kwamba sikuja Mama alipolazwa. Mabuu hawana Jumapili. Wakikosa mwani hurefusha mikono ya kunasia chakula, na vipimo vyote vya umbo vinaharibika. Nani angewalisha? Ulishawahi kuniuliza?

Likizo mlete kwangu. Darubini ipo, aje na viatu vya mpira. Nawe ukae siku mbili tatu, kaka yangu.