Hesabuni na peving, si paa peke yake

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa peving, yale matofali ya zege ya kupanga uwanjani, Kibosho, Moshi Vijijini. Naomba inapopimwa kiwanja kimefunikwa kiasi gani, peving nayo ihesabiwe. Ninayoandika hapa yanatia mchanga kitumbua changu mwenyewe, lakini yamenikaa kooni tangu masika.

Desemba iliyopita tajiri mmoja wa Dar es Salaam alitaka uwanja wake uwe tayari kabla ndugu hawajapanda kuja kula Krismasi. Kiwanja ni mita 25 kwa 30, kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, cha baba yao. Nyumba na banda la wageni vilikwisha kula mita za mraba 260. Mimi nikapanga peving mita za mraba 430 nyingine, ukuta hadi ukuta. Haukubaki mgomba hata mmoja. Mfongo, ule mfereji wa maji wa jadi, uliokuwa ukipita pembeni tuliufukia ili ukuta unyooke, na koleo nilishika mimi.

Sasa piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ikinyesha milimita 50, na huku mlimani hilo halimshangazi mtu, mabati yale na sakafu ile vinapokea lita 34,500, karibu simtanki saba za lita 5,000. Zamani udongo wa chini ya migomba ulikunywa sehemu kubwa. Siku hizi yote yanatokea getini kwa mkupuo, yanateremka kwa mama mjane aliye chini yake. Aprili alinipigia simu mimi, si tajiri: “Fundi, njoo uone kazi yako.” Nilikuta mizizi ya migomba iko nje na kahawa imelala kifudifudi.

Mjini, ukiomba kibali cha ujenzi, huangaliwa jengo limefunika kiasi gani cha kiwanja. Huku kijijini, miaka yote ya kazi hii, sijaulizwa na mtu. Mpwa wangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba kule kaunti na kaunti zina kanuni zake: nyingine zinahesabu majengo tu, nyingine kila kinachozuia maji kuzama, hata njia ya gari. Mimi naitaka hiyo ya pili.

Ila madiwani wetu wasije wakachukua kiwango kimoja wakawatandika nacho wote. Vihamba vimegawanywa mpaka mtoto wa nne anapata pa vyumba viwili na jiko. Huyo ukimwambia afunike nusu tu ya kiwanja, watoto walale wapi? Mbaneni mtu kwenye uwanja, vyumba mwachieni. Anayetaka peving aache mapengo ya majani, aweke gata na tangi, na mfongo usiguswe.

Yule mama nimemchimbia mtaro bure. Tajiri naye nilimweleza. Akaniomba bei ya kuongeza peving nje ya geti, maana gari linachafuka.

Fundi,
Kibosho, Moshi