Barua kwa Mwende: gundi haiharibu uta

Mwende mwanangu,

Hujambo huko Eldoret? Sisi hapa Nairobi tu wazima, ila baridi ya Julai imetukalia na karakanani hakuna kinachokauka. Nimesoma maneno yako kwamba uta wa kubandikwa tabaka za mbao kwa gundi si uta, kwamba uta halisi ni ule wa babu yako, ufito mmoja wa mkole kutoka Mutomo, na kwamba hiki ninachotaka tukitengeneze Desemba ni "fanicha iliyopindwa". Kaka yako alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikukasirika, maana fanicha ndiyo inayokulipia karo. Lakini jibu utalipata, tena kwa kirefu.

Tuanze na kazi ya uta wenyewe. Ukiuvuta, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, unanyooshwa. Tumbo, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Ni kazi mbili zinazopingana ndani ya ufito mmoja, na miti inayoziweza zote mbili si mingi. Mkole unaziweza, ndiyo sababu wazee wa Ukambani waliupenda. Majirani zetu Waata wa upande wa Tsavo walikuwa na nyuta ndefu ambazo kuzivuta kulidai zaidi ya ratili 100. Ndovu aliangushwa nazo, kwa msaada wa sumu ya mti uitwao mchungu. Hao ni mafundi, nawavulia kofia.

Sasa njoo kwa Waingereza unaowasifu. Meli yao ya vita, Mary Rose, ilizama mwaka 1545. Mabaki yake yalipoopolewa mwaka 1982, nyuta zaidi ya 100 za mti wa yew zilikuwa zimepatikana humo. Ufito mmoja, utasema. Ni mmoja kweli, lakini uliokatwa kwa hesabu: mbao nyeupe ya chini ya gome imeachwa mgongoni, kiini chekundu kimekaa tumboni. Ile nyeupe inavumilia kunyooshwa, kiini kinavumilia kubanwa. Mti umejipanga tabaka mbili wenyewe, fundi akafuata. Na Wajapani wana uta uitwao yumi, unaozidi mita 2, ambao kwa karne nyingi wameubandika kwa mianzi na mbao. Nenda kamwambie Mjapani ametengeneza fanicha.

Jambo jingine, kwa kuwa umemtaja babu. Nyumbani kwetu msichana hakuugusa uta. Uliwekwa juu, karibu na paa, na ukionekana umesogea kidogo tu, sisi wasichana ndio tulioulizwa kwanza. Kwa hiyo unautetea kwa moyo wote uta ambao mwenyewe asingekuruhusu uushike! Nakuelewa, na nadhani hata yeye angebadilika kama angemwona Shehzana Anwar, mlenga shabaha wetu kwa upinde, akiibeba bendera ya Kenya kule Rio mwaka 2016.

Babu alikuwa na nyika nzima ya kuchagua. Alipita mikole mingi akiitazama tu, panga mkononi, mpaka aukute ule ulionyooka bila kifundo. Mimi na wewe tuna soko la Gikomba. Pale ubao wenye nyuzi zilizonyooka toka ncha hadi ncha, mrefu kiasi cha inchi 68 na mnene wa kutosha uta, utautafuta mpaka wakufungie lango. Lakini kipande chembamba cha milimita 4 kilichonyooka unakipata, na hapo ndipo tabaka zinapotusaidia. Kipande kikiwa na udhaifu mahali fulani, jirani yake aliyegandishwa naye anambeba. Tazama ubavu wa ubao, usitazame uso wake. Wauzaji wanajua kupiga randa uso ukapendeza. Nyuzi zikikimbilia ukingoni na kukatikia hapo, uta nao utakatikia hapo.

Mgongo tutaweka mwanzi, maana ukinyooshwa hauna mpinzani wa bei yake. Ngozi yake ya nje haiguswi. Vifundo vinapunguzwa kidogo kwa msasa, basi. Kazi yote ya randa inafanyika upande wa ndani, mpaka kingo zibaki milimita 2 hivi. Katikati tutaweka mvule. Tumboni mkole, kwa hiyo babu yako bado yumo, tulia.

Mbao zote ziwe kavu kweli. Usimwamini mtu anayekuambia "hii imekauka, mama", hasa baada ya mvua za Aprili. Pima kipande kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Uzito ukiacha kushuka, kiko tayari.

Kuhusu gundi, ile nyeupe tunayopigia viti haifai hapa. Inashika, sikatai, lakini haiwi ngumu kabisa. Mzigo ukiikalia muda mrefu inateleza polepole, na tabaka ulizozipinda zinarudi zilikotoka. Tutatumia epoksi, ile ya chupa mbili, nayo hupimwa kwa mizani, si kwa macho. Mbao zisilainishwe kupita kiasi. Pitisha msasa namba 80 zibaki na mikwaruzo, futa vumbi, usiziguse tena kwa vidole vyenye mafuta. Wala usibane kwa nguvu zako zote, kwani epoksi ikikamuliwa yote kiungo kinabaki kikavu.

Kalibu nimeshaichonga kutoka mbao ya mbili kwa nne. Ina ubonyeo mdogo, ili ncha za uta ziinuke kama inchi moja na nusu kuelekea mgongoni. Tabaka zitalazwa hapo, nailoni chini yake zisigandane na kalibu, kisha tutazizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, uleule wanaofungia kreti kwenye bodaboda. Kwa kazi hii naupenda kuliko klampu, kwa sababu unabana kila mahali sawasawa. Ukimaliza kufunga, inama utazame ubavuni. Epoksi itaanza kuchungulia, matone madogo madogo mstari mzima. Pasipotokea tone, hapo pana njaa ya gundi. Fungua upake upya kabla haijaanza kushika. Kwa usiku wa baridi nina sanduku la plaiwudi lenye balbu za zamani, zile za joto, nalifunika blanketi. Desemba huenda tusilihitaji.

Kishikio ni kipande kifupi kinachobandikwa tumboni katikati. Ncha zake zikonde mpaka ziishe. Ukiziacha nene, zitabanduka siku ya kwanza ya kuvuta.

Mpira ukifunguliwa utakuwa na ubao mgumu, si uta. Tutauchora, tutaukata upana wa inchi moja na robo karibu na kishikio ukikonda hadi nusu inchi nchani, tutatia mikato ya kukalisha upote, yaani kamba ya uta. Hayo ni useremala wa kawaida, utayaweza. Kinachotofautisha fundi wa uta na seremala ni kuusawazisha, mkono wa juu na wa chini upinde sawa. Hapo sikuhurumii.

Uta unawekwa juu ya kigingi ukutani, unavutwa kwa kamba na kapi huku wewe umesimama mbali ukiutazama umbo. Unakwangua tumbo kidogo kwa kipande cha bleidi ya msumeno, unavuta tena mara ishirini au thelathini mbao izoee, unatazama. Usitumie randa hapa. Ukipunguza unene kwa asilimia 10, ugumu unashuka kwa asilimia 27 hivi. Ukipunguza upana kwa asilimia hiyohiyo, unapoteza 10 tu. Kwa hiyo mkwaruzo unaoudharau tumboni ni mkubwa kuliko unavyodhani. Ukiona mahali panapinda kupita wenzake, usipaguse. Kwangua pengine pote mpaka pengine pafikie hapo. Tumboni ukiona vijistari vyembamba vya kukunjika vikikatiza nyuzi, mbao imeshindwa kubanwa, na hakuna dawa.

Na usiuvute kupita uzito wa kuvuta unaoutaka, hata kwa kujaribu. Nataka uanze na ratili 30. Mizani ya kwenye kamba ya kuvutia ikisoma 30 nawe umevuta inchi 15 tu, simama hapo, kwangua, ndipo uendelee. Mkono wa chini tutauacha mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa sababu mshale hupita juu ya ngumi yako, si katikati ya uta. Ukikamilika, usiuachie upote bila mshale, kwani nguvu yote inarudi ndani ya mbao. Ukimaliza kulenga, ufungue upote uta upumzike.

Kuwinda usahau, kumepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1977, na sitaki mtu wa KWS, shirika la wanyamapori, mlangoni kwangu. Shabaha itakuwa magunia yaliyoshindiliwa matambara, nyuma yake ukuta wa mawe wa karakana. Watoto wa ploti wakitoka shule, tunaacha.

Mjomba wako wa Kitui ameshatuma fito kadhaa za mkole. Alizipaka rangi kwenye ncha zisipasuke, nami nimezipasua katikati, ziko darini zinakauka. Kilichobaki ni mwanzi. Huu wa hapa una ukuta mwembamba, kwa hiyo ukipata huko mnene wa milimita 10 hivi, uliokatwa msimu wa kiangazi, mpe kondakta wa matatu anayekuja Ijumaa, nitamlipa akifika. Usiukate vipande, uje mzima. Tyubu kaka yako ataleta, ni faini yake ya kucheka.

Mamako