YAH: Kadi ya mchezaji wa besiboli Cal Raleigh, namba 1961/2022, ambayo hamjanirudishia

Kent, Washington
28 Oktoba 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Nakala: Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Salaam. Ukurasa wenu wa malalamiko unasema mteja anaweza kuandika kwa lugha yoyote, na kwamba ninyi mtatafuta mkalimani. Basi mtafuteni. Tarehe 11 Oktoba nilisema Kiingereza kwenye kaunta yenu, na kadiri hasira ilivyonipanda ndivyo Kiingereza changu kilivyonikimbia, na mhudumu wenu aliliona hilo akalitumia. Leo naandika kwa lugha ambayo naweza kukasirika nayo bila kukosea neno.

Masharti ya duka lenu ya kupokea kadi za wateja na kuzipeleka kupimwa daraja (wapimaji hukagua hali ya kadi, huipa alama hadi 10, kisha huifunga kwenye gamba la plastiki) sitayarudia hapa. Mmeyaandika wenyewe. Naanza na Jumamosi ile ya tarehe 11, tulipokuja kuchukua kadi zetu.

Saa tano asubuhi niliingia na binti yangu mwenye miaka 11. Mhudumu alituletea kadi tatu. Julio Rodríguez wa 2022, daraja la 9, nikashukuru. Elly De La Cruz wa 2024, daraja la 8, sikulalamika, ile kona moja niliijua tangu mwanzo. Ya tatu ilikuwa Cal Raleigh wa 2022, lakini ile ya kawaida, haina ukingo wa dhahabu, haina namba. Nikasema hii si yetu. Yetu ni ya dhahabu, imepigwa chapa 1961/2022. Akatazama kompyuta akasema imeandikwa "Raleigh 2022", basi. Nikasema mara ya pili. Hapo akaniruka kama sipo, akainama juu ya kioo cha kaunta, akamwambia mwanangu: "Muulize baba yako kama hakuiuza."

Ndugu Meneja, nimefanya kazi za zamu nchi hii miaka mingi. Nimeambiwa mengi na nimemeza mengi. Hilo sikulimeza.

Tuelewane kwanza kuhusu kadi yenyewe. Simdai mtu kadi ya 1952 ya Mickey Mantle, nyota wa zamani, ile iliyouzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Nadai kadi moja ya mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) wa Mariners, timu ya Seattle, lakini ni moja kweli kweli. Zile za dhahabu za mwaka ule zilichapwa 2,022 kwa kila mchezaji, na kila moja ina namba yake. Namba 1961 ya Raleigh ni moja tu duniani. Haiwezi kuchanganyika na nyingine kwa bahati mbaya, kama vile mtoto hawezi kuchanganyika na mtoto wa jirani. Aliyeishika aliiona, na aliyeibadilisha alijua anachobadilisha.

Binti yangu aliipata mezani kwenu. Februari 2023, kwenye ile jioni yenu ya kubadilishana kadi, alitoa kadi mbili za Julio Rodríguez na moja ya Shohei Ohtani ili ampate Raleigh. Kijana wenu mmoja aliyekuwa akisimamia meza alimwambia amekula hasara, na kwa bei za siku ile alikuwa sahihi: Julio alikuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora chipukizi wa 2022, na Ohtani ni nyota wa dunia nzima. Lakini mwanangu alikuwa na sababu zake. Ya kwanza ni usiku wa tarehe 30 Septemba 2022, Raleigh alipoingia kupiga badala ya mwenzake mwishoni mwa mchezo na Oakland, akapiga homurani, yaani pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja, iliyowapeleka Mariners kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2001. Mimi nilikuwa kazini nasikiliza redioni. Yeye alikuwa na miaka minane na alikataa kulala mpaka nirudi anisimulie nilichokwisha kusikia. Sababu ya pili ni namba. Mimi ni mtu wa Tanga. Alipoigeuza ile kadi akaona 1961, alipiga kelele ukumbi mzima: "Baba, mwaka wenu wa uhuru!"

Hiyo ndiyo kadi ambayo mhudumu wenu alimwambia mwenye nayo kwamba labda baba yake ameiuza.

Niliileta kwenu tarehe 12 Aprili. Mwezi uliotangulia Raleigh alikuwa amesaini mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 105, tukaona huyu haondoki, wacha kadi yake ipimwe, ifungwe kwenye gamba lake, ikae. Mlisema siku 45 za kazi. Ilikuwa ndani ya kifuko laini, kifuko kikiwa ndani ya toploda, yaani kasha gumu la plastiki, na nilimpiga binti yangu picha ameishika mbele ya kaunta yenu, bango lenu likionekana nyuma yake na namba ikisomeka. Picha hiyo nilimtumia kaka yangu Tanga jioni ile ile kwa WhatsApp. Bado ipo kwake, ina tarehe na saa. Mhudumu wenu nilipomwonyesha alisema picha siku hizi zinatengenezwa.

Nilipiga simu Juni. Nikaambiwa foleni. Nikapiga Julai, wiki ile Raleigh aliposhinda mashindano ya homurani kule Atlanta, baba yake mzazi akimrushia mipira na mdogo wake akidaka. Tulilitazama lile mimi na binti yangu tumekaa sofa moja, akaniambia kadi yetu ikirudi ataiweka karibu na kitanda. Nikaambiwa foleni. Nikapiga mwishoni mwa Agosti, wakati Raleigh ameshazipita homurani 48 za Salvador Perez, rekodi ya mdakaji iliyowekwa 2021, na hapo mtu wenu alisema maneno haya, nayanukuu: "Usiwe na wasiwasi, ile ya dhahabu iko njiani." Ya dhahabu. Mimi sikuitaja dhahabu siku hiyo. Niliuliza "kadi ya Raleigh" tu. Simu zenu hutangaza kwamba zinarekodiwa. Isikilizeni.

Sasa zitazameni hizo tarehe vizuri, maana mimi nimezitazama usiku mwingi. Bei ya kadi ya mchezaji aliyestaafu kwa kawaida haiyumbi sana. Kadi ya mchezaji anayecheza hupanda na kushuka na kila mpira anaoupiga. Kadi niliyowaachia Aprili ilikuwa ya mdakaji mzuri anayependwa Seattle. Kadi mliyokuwa nayo mkononi Septemba ilikuwa ya mtu aliyezipita homurani 54 za Mickey Mantle za mwaka 1961, rekodi ya wapigaji wa mikono yote miwili (ndiyo, 1961 huo huo, binti yangu ndiye aliyenionyesha), akazipita 56 za Ken Griffey Jr., rekodi ya Mariners, na tarehe 24 akafikisha 60 usiku ule ule timu ilipotwaa ubingwa wa kundi lake. Siku 45 za kazi zingeisha katikati ya Juni. Mngetimiza ahadi yenu, kadi ingekuwa nyumbani kabla ya mtu yeyote kuwa na sababu ya kuitamani. Simshtaki mtu kwa jina. Nasema tu kadi ilikaa kwenu miezi sita, na katika miezi hiyo hiyo ikapanda thamani, ikabadilika sura.

Na ile siku yenyewe. Nairudia, kwa sababu nadhani mlipoisoma hapo juu mliipita haraka.

Ijumaa usiku, tarehe 10, Mariners walikuwa wamewatoa Tigers wa Detroit kwenye mtoano baada ya ingi 15, badala ya 9 za kawaida. Mtoto alikesha. Asubuhi aliamka kabla yangu, akavaa fulana yenye namba 29, ya Raleigh, akabeba daftari lake la kadi kwa ajili ya kuonyesha kwenu, maana nyuma ya duka lenu palikuwa na watu wa kubadilishana nao. Dukani kulikuwa na foleni, watu wana furaha, wengi wamevaa kama yeye. Mhudumu alipoweka ile kadi ya kawaida kwenye kioo, yeye ndiye aliyeona kwanza, si mimi. Alisema taratibu, kwa adabu niliyomfundisha, "Samahani, hii siyo." Mhudumu hakumjibu. Nikasema mimi. Nikaonyesha picha. Nikaomba meneja, nikaambiwa hayupo, ingawa mlango wa ofisi ulikuwa wazi na mtu anakula ndani. Nikaomba waangalie kamera za tarehe 12 Aprili, nikaambiwa hazihifadhiwi muda mrefu hivyo. Sauti yangu ilipanda, sikatai. Hapo ndipo aliponiruka, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akatabasamu, akasema kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia: "Muulize baba yako kama hakuiuza."

Foleni ikanyamaza. Mtu mmoja alicheka. Mwanangu alikuwa amenishika mkono, na nilihisi vidole vyake vinalegea, kimoja baada ya kingine. Nilichukua kadi mbili, ile ya tatu nikaiacha palepale kwenye kioo, tukatoka.

Ndani ya gari hakusema kitu mpaka tulipokaribia nyumbani. Kisha akauliza, huku anaangalia dirishani: "Baba, kweli hukuiuza?"

Huo ndio uharibifu, Ndugu Meneja. Kadi ni nusu tu ya deni. Mtoto ambaye hajawahi kunitilia shaka hata siku moja, mmemfundisha kunitilia shaka kwa sentensi moja. Nimemwonyesha risiti, nimempigia kaka yangu Tanga amsimulie, amesema ananiamini. Lakini daftari lake la kadi halijafunguliwa tangu siku ile. Mariners walipotolewa na Toronto kwenye mchezo wa saba, tarehe 20, hakulia. Mwaka jana angelia wiki nzima.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kudai kadi na samahani, basi. Nimefika hapa naona haitoshi.

Nadai kadi namba 1961/2022, yenyewe, si mfano wake. Nadai barua ya kuomba radhi, iliyoandikwa kwa jina la binti yangu na kusainiwa na wewe Meneja mwenyewe, si idara, ikisema wazi kwamba baba yake hakuuza kadi yake. Nataka barua hiyo iwe ya Kiingereza, aweze kuisoma peke yake bila mimi kumtafsiria. Nadai ada za kadi zote tatu nirudishiwe. Nadai orodha ya kila mkono uliopitisha bahasha yetu kati ya Aprili na Oktoba, ndani ya duka na kwa wapimaji, pamoja na picha zozote ambazo wapimaji walizipiga, maana wao huenda wanazo hata kama ninyi hamna. Na kama mtaniambia kadi haipatikani, sitakubali bei ya Aprili. Mtalipa bei ya wiki ya tarehe 24 Septemba, kwa kuwa ndiyo wiki ambayo ilipaswa kuwa kwetu na ilikuwa kwenu.

Nawapa siku 14. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko kwenye kitengo cha kulinda wateja cha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la Washington, na nitafungua shauri kwenye mahakama ya madai madogo, ambako mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 10,000 na hahitaji wakili. Kiingereza changu kitatosha kwa hakimu. Nina picha na risiti, na nina shahidi wa miaka 11 anayekumbuka kila neno.

Nawatakia kazi njema.

Mteja wenu tangu 2021,
mwenye risiti ya tarehe 12 Aprili 2025

Nyongeza, 29 Oktoba: Kabla sijatuma barua hii, asubuhi ya leo nimepokea ujumbe wenu unaotumwa na kompyuta yenyewe, ukinipa punguzo la dola 25 kwa manunuzi yajayo "kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Nimeusoma mara mbili. Siku 14 nimezifuta. Ni siku 7, kuanzia leo. Polisi siwasubirishi hizo siku 7: leo nikitoka kazini naenda kituoni kuandikisha taarifa ya kadi iliyopotea mikononi mwenu, pamoja na namba yake, na picha ya namba hiyo nitaisambaza kwa kila meza ya kubadilishana kadi ninayoijua kuanzia hapa mpaka Portland. Atakayejaribu kuiuza ataulizwa aliipata wapi.

Punguzo lenu nalirudisha pamoja na barua hii.