Baba Junior, usilipie hiyo pikipiki kwanza

Baba Junior aisee, za Ngaramtoni? Huku Uru tupo, masika ndo yanaishia ishia, mama wa huku anakusalimia sana. Meseji yako ya jana usiku nimeiona, kwamba kikoba kimekupa na wiki ijayo unaenda kuchukua pikipiki kama yangu, basi nikashindwa kulala, nikasema huyu ni ndugu yangu acha nimwandikie yote maana kwenye simu salio lingekata sijafika hata kati.

Yangu nilichukua mwezi wa pili, si unakumbuka ulivyonipongeza. Milioni mbili na laki nane keshi, hela ya ng'ombe mmoja na ya kikoba juu yake. Leo haijafika hata kilomita 2,000 na ina kutu kama chuma kilichookotwa mtoni. Ilianza kwenye spoki, vidoti vidogo vya kahawia, nikafuta nikaona kawaida tu, wiki mbili mbele iko kwenye rimu, iko kwenye nati za gurudumu la nyuma, eksozi karibu na injini rangi imebanduka yani ukikwangua kwa kucha inamwagika. Mwezi wa nne ikaanza kugoma kuwaka asubuhi.

Na kazi yangu unaijua. Saa kumi na moja alfajiri nakusanya maziwa kwa kina mama huku juu, saa moja niwe nimeshafika migahawani Moshi mjini, nikichelewa yamechacha na kina mama wanataka hela yao vile vile. Sasa pata picha, giza, baridi ya huku, madumu manne yamefungwa kwenye keria, napiga kiki mara arobaini, hamsini, jasho linatoka, stata inalia mpaka betri inakata, na mtaa mzima umeshaamka unaniangalia. Siku moja nilimwaga lita ishirini na mbili. Nilikaa pale kwenye jiwe nikashindwa hata kuongea, maana mama mmojawapo wa wale ada ya mtoto inatoka kwenye hayo maziwa.

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi, ikawaka siku mbili. Akasema basi ni sidiai, kile kiboksi kinachopeleka moto kwenye plagi, nikanunua, bado. Akataka tubadilishe na stata, hapo nikakataa, laki na ishirini ilikuwa imeshaondoka. Sisemi ni mwizi, ila alikuwa anabahatisha na hela ni yangu.

Aliyeniokoa ni meku mmoja, fundi mzee wa Pasua pale Moshi. Hakugusa kitu kwanza, aliuliza tu ikigoma unasikia harufu ya petroli? Nikamwambia hapana. Akatoa plagi, kavu kabisa. Akairudisha kwenye waya wake akaigusisha na chuma cha injini, kiki moja, cheche ya bluu hiyo. Akasema moto upo, kinachokosekana ni mafuta. Akakata chupa ya maji ya kunywa, akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, petroli ikadondokea mle, tukaacha itulie. Baba Junior, chini ya ile petroli matone ya maji yamejikalia kama shanga, maana maji ni mazito yanazama, na pembeni unga mwekundu. Tukafungua mfuniko wa tanki tukamulika na tochi ya simu, ndani kote kutu! Ule unga unashuka unaziba jeti, kile kipande cha ndani ya kabureta kinachopitisha petroli, na tundu la jeti lenyewe ni dogo hata sindano ya kushonea haipiti, sasa petroli itapita wapi.

Meku akanionyesha pale kwenye mdomo wa tanki kuna katundu kenye mpira wa kushusha maji ya mvua, kalikuwa kameziba na vumbi, kwa hiyo kila mvua maji yanatuama chini ya mfuniko halafu yanapenya ndani. Na mi nilikuwa naweka petroli ya elfu tano tano, tanki muda wote nusu tupu, usiku wa baridi ile hewa ya ndani inafanya jasho. Hayo nayakubali. Na maziwa pia, yakimwagika kwenye keria yanachacha yanakuwa asidi inakula chuma, siku hizi naosha kila nikirudi, nakausha, napaka oili kwa kitambaa. Ila meku aliniambia wazi kutu ya unene ule ndani ya tanki sio ya miezi minne. Nikarudi nyumbani nikatoa kadi, mwaka wa kutengenezwa 2021! Sikuwahi kuangalia. Nilivyombana kijana wa pale dukani akasema eeh zilikaa sana yadi Dar kabla hazijapandishwa huku. Miaka yote hiyo kwenye upepo wa chumvi, halafu mi nauziwa kama mpya na bei ya mpya.

Mwenye duka nilimfuata mara tatu. Ananiambia kutu haipo kwenye waranti, eti mi ndo siitunzi. Nimeshaandika barua ya malalamiko, nakala ya risiti, kopi ya kadi, picha za tanki, akiendelea hivyo naipeleka Tume ya Ushindani maana wale wanapokea malalamiko ya wateja, na Sheria ya Ushindani ipo tangu 2003. Siiachii hii.

Tanki tulilifungua lote, tukatia siki na nati chache za zamani tukatikisa, likalala na siki mpaka kesho yake, tukamwaga kitu cheusi kama chai ya rangi, tukasuuza na maji ya magadi ili ile asidi isiendelee kula, jua likakausha, mwisho petroli kidogo ya kusuuzia. Jeti alizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, alinikataza sindano ya chuma, inapanua tundu. Tukaweka na filta kwenye mpira wa mafuta, elfu tatu tu. Tangu siku hiyo kiki ya pili au ya tatu inawaka.

Sasa we ukifika dukani, kabla hujatoa hata shilingi, omba kadi usome mwaka, fungua mfuniko umulike tanki mpaka chini, pitisha kidole kwenye spoki na kwenye rimu, na uiwashe ikiwa baridi, wakikwambia tumeshaiwasha asubuhi gusa injini ujue. Wakikataa kufungua tanki ondoka, Arusha hiyo maduka ni mengi. Ukiwa pale nibipu mi nitakupigia, saa nne nakuwa nimeshamaliza kugawa maziwa.

Msalimie Mama Junior na watoto. Ndizi za mtori nitakutumia na gari la Jumamosi, uzipokee stendi kabla ya saa sita zisipigwe jua.

Wako wa Uru